Pikipiki Iliyopona Kila Ilipofika kwa Fundi

Mkuu wa kituo hakupenda kesi zinazolala. Asubuhi ile alisimama mlangoni kwa Inspekta, kikombe cha chai mkononi, akauliza bila salamu:

"Yule fundi anapelekwa mahakamani leo mchana. Kujaribu kuua. Umeridhika?"

"Bado, mkuu."

"Na Koplo je? Ameridhika?"

Inspekta aliinua macho kutoka mezani. Siku hizi kila swali katika kituo kile lilimalizikia kwa Koplo. Alikuwa msichana aliyehamishiwa pale juzi juzi tu, na katika juma lake la kwanza akamtia mbaroni mwizi wa nyaya za umeme ambaye Inspekta alikuwa amemtafuta mpaka soli za viatu zikamwishia. Tangu hapo Mkuu hakuweza kunywa chai bila kumtaja.

"Koplo yuko uani na ile pikipiki," Inspekta alijibu. "Tumpe nafasi ya kuridhika."

"Mpaka mchana," Mkuu akasema, akaenda zake.

Kwa mtazamo wa haraka, kesi ilikuwa imeiva. Mkunga wa zahanati, mwanamke aliyejulikana mtaa mzima kwa pikipiki yake kuukuu, alikuwa akivuka njia panda iliyo chini ya mteremko wa machimbo ya kokoto. Katikati ya barabara injini ikazimika. Lori lililosheheni kokoto likateremka. Dereva alikata usukani kwa nguvu zake zote, asimkanyage, lakini ubavu wa lori ulimkumba mama yule ukamtupa pembeni, paja likavunjika. Pikipiki ililala upande, usukani umepinda, injini haina hata mkwaruzo.

Siku ile ile mume wake, ambaye ni fundi viatu, alifika kituoni na mashtaka mdomoni. Alisema fundi pikipiki wao, mtu aitwaye Sikio, alikuwa akiichezea kabureta makusudi ili mkewe asibanduke gerejini kwake. Karakana ya polisi ikaleta ripoti: vichwa vya skrubu za kabureta vimelika kwa bisibisi, imefunguliwa mara nyingi kuliko kabureta yoyote inavyohitaji. Zaidi ya hapo pikipiki ni nzima.

Ni hilo neno "nzima" lililomkwaza Inspekta. Pikipiki nzima haizimiki njia panda.

Alimkuta Koplo chini ya kibanda cha mabati, amechuchumaa, viganja vyeusi kwa oili. Usukani alikwisha kuunyoosha mwenyewe. Askari wa zamu alimleta Sikio kutoka mahabusu. Alikuwa mwembamba, shati limekunjamana kwa kulalia sakafu, na sikio lake la kulia lilisimama kuliko la kushoto. Watu walisema ni kwa sababu ya kulitegea injini maisha yake yote.

"Unampenda mke wa mtu?" Inspekta akaanza.

"Afande, nani hampendi mkunga? Wanangu wote wamepitia mikononi mwake."

"Sijakuuliza habari za wanao."

"Namheshimu. Namwita dada. Mumewe namwita shemeji."

"Mumewe anasema hakumbuki lini alioa kwenu."

Koplo alichekea puani. Sikio hakucheka.

"Haya, tuambie ilikuwa inaumwa nini," Inspekta akasema.

Hapo Sikio alibadilika, kama mgonjwa aliyeulizwa hatimaye mahali panapouma. "Inazimika njiani, afande. Si pale unapoondoka. Inakwenda vizuri kabisa, halafu inaanza kukohoa, nguvu zinapungua, utadhani mafuta yamekwisha. Inakufa. Dada anakaa kando ya barabara kidogo, anapiga kiki, inawaka. Inakwenda, inakufa tena. Sasa hizo, kwa fundi yeyote, ni dalili za kabureta inayonyimwa mafuta."

"Ukafanya nini?"

"Nikaifungua. Boya, lile linaloelea na kupima mafuta ndani ya kabureta, nikalitikisa, halijatoboka. Sindano inayofungua na kufunga mafuta nikaweka mpya. Jeti zinazopitisha mafuta nikazipuliza, nikazitazama juani, tundu safi. Nikaosha chujio. Nikabadilisha mpira wa mafuta. Plagi pia, kwa hasira tu."

"Halafu?"

"Halafu nawasha, nazunguka nayo mpaka kona na kurudi. Nzima! Nampa mwenyewe anaondoka. Haupiti muda, huyo anarudi anaisukuma, jasho linamtoka." Akaitazama pikipiki kwa chuki ya kweli. "Hii imenivunjia heshima, afande. Inafika kwangu mahututi, nikiigusa imepona. Kama mtoto anayeumwa tumbo asubuhi ya shule."

"Au wewe ndiye unayeipa ugonjwa, ili mama arudi."

"Fundi gani anayetaka mtaa mzima uone pikipiki ile ile mlangoni kwake kila leo? Wateja wawili wamenihama. Wananiuliza, Sikio, masikio yameziba?"

Inspekta alitembea kuizunguka pikipiki. Ilikuwa ya zamani, tenki la chuma lenye rangi iliyochubuka magotini, kifuniko cha tenki cha kufungwa kwa ufunguo, na juu ya tundu la ufunguo kibati kidogo cha kuzuia vumbi.

"Inapofika kwako," akasema taratibu, "jambo la kwanza kabisa unafanya nini? Kabla hujashika bisibisi."

"Naangalia kama ina mafuta."

"Unaangaliaje?"

Sikio alimtazama kama mtu aliyeulizwa anavyopumua. "Si nafungua kifuniko cha tenki! Kila fundi anaanzia hapo. Watu husukuma pikipiki kutoka huko mbali, kumbe tenki kavu."

"Kila mara?"

"Kila mara, afande. Mkono unakwenda wenyewe."

Inspekta akamgeukia Koplo. "Na yule wa karakana yetu alianzia wapi?"

"Hapo hapo," Koplo alijibu. "Alifungua tenki, akachungulia, akawasha papa hapa uani. Ikanguruma mpaka tukamwomba azime."

"Jaza tenki mpaka juu," Inspekta akasema. "Ukishafunga kifuniko, asikiguse mtu. Si wewe, si mimi, si Mkuu mwenyewe. Nakwenda hospitali, nikirudi tutaiendesha."

"Unatafuta nini, afande?"

"Nikikipata utakuwa wa kwanza kujua," akasema, ingawa moyoni angependa awe wa mwisho.

* * *

Mkunga alilazwa mwisho wa wodi ya wanawake, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito wa chuma. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamrisha watu wasukume. Kando ya kitanda, kwenye kigoda, mumewe alikuwa anashona kiatu. Kilikuwa kiatu cha kike, cha mguu wa kushoto. Alishona bila kuinua kichwa, akichomoa uzi kwa mikono miwili, na kila baada ya mishono michache aliupitisha uzi juu ya donge jeusi la nta lililokaa pajani.

"Inspekta!" mkunga akaita kabla hajafika. "Kweli mmemfungia Sikio? Mtu mwenye mikono kama ile mnamlaza sakafuni?"

Uzi ulivutwa kwa nguvu.

"Tunachunguza, mama. Mguu unaendeleaje?"

"Mguu utaunga. Daktari anasema huenda ukawa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Basi nitacheza ngoma ya peke yangu." Akacheka, halafu akakunja uso kwa maumivu. "Lakini Sikio hana kosa. Nimemwambia huyu baba tangu siku ya kwanza, usimtaje Sikio polisi. Hasikii."

Uzi ulivutwa tena, mpaka ukalia.

"Pikipiki ilianza lini kuzimika?"

"Mvua zilipokwisha. Kabla ya hapo ilikuwa kama saa."

"Nani anaijaza mafuta?"

"Mimi mwenyewe, asubuhi ya siku ninayokwenda mzunguko wa mbali. Najaza tele."

"Ikizimika njiani, huwa unafungua tenki?"

"Nifungue nitafute nini? Si najua nimejaza. Nakaa kivulini nangoja ipoe, nawasha, nampelekea Sikio. Yule akiisikiliza tu anajua. Hajashindwa na mashine hata siku moja."

"Hii imemshinda," mumewe akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza. Hakulisema kwa sauti kubwa, lakini mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuza kichwa.

"Haikumshinda, baba. Kila nikimpelekea inapona."

"Inapona halafu inakufa. Huko ndiko kushindwa. Mimi nikikushonea kiatu kikaachia njiani, utasema nimekishona?"

"Umeanza tena," mkewe akasema, akimtazama Inspekta kama shahidi. "Unaona? Hataki mtu amsifie."

Inspekta alivuta kiti akakaa karibu na fundi viatu. "Bwana, mbona unanichanganya. Katika maelezo yako umesema Sikio anaiharibu makusudi. Sasa unasema imemshinda. Anayeharibu makusudi hajashindwa. Lipi ni lipi?"

Sindano ilisimama hewani. Fundi viatu aliutazama mshono wake, akaulainisha kwa kidole gumba kilichong'aa kwa nta.

"Mimi sijui mambo ya mashine," akasema. "Mimi ni mtu wa viatu."

"Pikipiki inalala wapi usiku?"

Mkunga ndiye aliyejibu. "Ndani, nyuma ya mlango. Ni yeye anayeiingiza kila jioni, mimi nikiwa napika. Anaogopa wezi." Akanyoosha mkono, akamgusa mumewe begani. "Ana wivu, Inspekta, lakini ananitunza. Hata kiatu hicho ananishonea mimi, cha soli nene, ya kujazia mguu utakaopungua."

Fundi viatu hakuinua kichwa.

* * *

Inspekta hakupenda kubebwa. Lakini leseni yake ya pikipiki ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo alikaa nyuma ya Koplo, kofia ngumu ikimbana masikio. Waliifuata njia ya mkunga: zahanati, soko, shule, kisha barabara ndefu inayopanda kuelekea machimbo. Injini ilinguruma sawasawa. Koplo aliiendesha vizuri, na hilo nalo halikumfurahisha.

"Nzima kabisa, afande!" akapiga kelele dhidi ya upepo.

"Endelea!"

Waliipita shule, wakapanda. Karibu na kilele injini ikakohoa. Koplo akaongeza moto. Ikakohoa tena, ikavuta kwa shida kama mtu anayepanda ngazi na gunia, ikafa. Waliserereka mpaka kando ya barabara. Kimya kikaingia. Chini yao, njia panda ilionekana wazi, malori yakipita.

Ingemudu hatua chache zaidi, ingefia pale pale njia panda.

"Piga kiki."

Koplo akapiga. Hakuna kitu. Akapiga tena. Injini ilitoa pumzi tupu.

"Sasa lete sikio lako hapa," Inspekta akasema, "uzungushe ufunguo polepole sana."

Waliinama wote wawili juu ya tenki, kofia zao zikagongana. Koplo alizungusha. Kifuniko kilikuwa kizito, kana kwamba mtu alikuwa amekishika kwa ndani. Kisha kikaachia, na kutoka kwenye ukingo wake ikasikika sauti ndefu, nyembamba, *fyuuu*, kama ya mtu aliyeibuka kutoka majini.

"Limevuta hewa!" Koplo akasema.

Inspekta alikuwa na maneno hayo hayo mdomoni. Akayameza.

"Afande, petroli inateremka kwenye kabureta kwa uzito wake yenyewe. Ikiteremka, lazima hewa iingie juu ichukue nafasi. Isipoingia, tenki linakuwa kama chupa iliyozibwa, mafuta yanagoma kushuka, na..."

"Najua, Koplo."

"...ukingoja kandoni, hewa inapenya kidogo kidogo kwenye mpira wa kifuniko, ndiyo maana inawaka tena. Na Sikio anaanza kwa kufungua kifuniko! Anaiponya kabla hajajua inaumwa nini! Halafu ndiyo anaipasua kabureta isiyo na kosa."

"Nimesema najua."

Macho ya Koplo yalikuwa yanacheka. Akapiga kiki mara moja tu. Injini ikawaka kama mpya. Akaizima.

Kulitafuta tundu la hewa hakukuwa kazi. Inspekta aliinua kile kibati kinachofunika mahali pa ufunguo, na kando yake, kwenye kishimo kidogo cha kupitishia hewa, palikuwa na kitu cheusi kilicholainishwa kwa kidole mpaka kikawa sawa na chuma. Asiyekitafuta asingekiona. Koplo alichomoa kibanio cha nywele chini ya kofia, akachokoa nacho. Kikatoka kipande kama mbegu ya papai.

"Uchafu wa barabarani?" akauliza.

Inspekta alikisugua vidoleni, akakinusa. Hapa Koplo asingeweza kumtangulia, kwa kuwa hakuwahi kuketi kando ya kitanda kile. "Nta," akasema, na raha ya kulisema hakuificha. "Nta iliyochanganywa na masizi. Ya kupakia uzi wa viatu."

Koplo alipiga mluzi, akatoa simu akaongea na kituo: gari la mahakamani lisimbebe Sikio. Alipomaliza alibaki amekunja uso.

"Kuna kitu hakiniingii akilini, afande. Mume mwenye wivu angetaka mkewe asifike gereji. Huyu anaiharibu pikipiki. Si anamsukuma huko huko kwa Sikio?"

"Niliwaza hivyo hivyo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo twende tukamuulize."

* * *

Chumba cha fundi viatu kilikuwa chembamba kama kabati, viatu vimening'inia ukutani kwa kamba zao. Alikwisha kurudi kutoka hospitali. Kile kiatu cha kushoto kilikuwa mbele yake, soli moja juu ya nyingine.

Inspekta hakusalimu. Aliweka kile kipande cheusi mezani, kando ya donge la nta.

Fundi viatu alivitazama vyote viwili.

"Nta inauzwa kila mahali," akasema.

"Kweli. Lakini si kila muuzaji anaitia masizi, na si kila mtu analala na pikipiki nyuma ya mlango wake. Nani alikufundisha kwamba tenki linapumua?"

Mtu yule alicheka, kicheko kisicho na furaha hata chembe. "Yeye."

"Sikio?"

"Mke wangu. Mezani. Anapakua chakula, ananiambia, 'Baba, leo Sikio kanieleza jambo la ajabu, kumbe tenki nalo linapumua kama mtu, lina katundu kake juu.' Kila jioni palikuwa na jambo. Sikio kasema. Sikio kanionyesha. Sikio ana mikono, baba, ungeona mikono yake." Akaigeuza yake mwenyewe, ikatazama juu, imepasuka kwa sindano. "Tangu anioe... tangu nimuoe, hajavaa kiatu ambacho sikukishona mimi. Hajawahi kumwambia mtu habari za mikono hii."

"Ukataka kumuua."

"Nani? Mke wangu?" Alisimama ghafla, kigoda kikaanguka. Koplo alisogea mlangoni. "Nilitaka yule ashindwe! Basi! Ashindwe mara moja tu, mbele yake. Nilisema pikipiki itakufa, atampelekea, ataipekua asione kitu, mke wangu atachoka naye. Atatafuta fundi mwingine. Mzee. Mwenye sura mbaya."

"Ikawaje?"

"Ikawa kila jioni, 'Baba, Sikio kaiponya tena!'" Akaketi juu ya gunia la ngozi, kwa kuwa kigoda kilikuwa chini. "Nikiiziba, yeye ndiye anayesifiwa. Nikaziba vizuri zaidi. Akasifiwa zaidi."

"Ungeizibua."

"Nilikuwa nasubiri ashindwe."

Nje mtu alipita akiuliza kama kiatu chake kiko tayari. Koplo alimwashiria aondoke.

"Halafu lori likaja," Inspekta akasema.

Fundi viatu alikichukua kile kiatu cha kushoto, akakibana kifuani kwa mikono yote miwili. Sauti ilimtoka ndogo.

"Nikasema hata hili liwe la Sikio. Nikaja kwenu."

"Simama, bwana."

Alisimama bila ubishi. Akanyoosha mikono, Koplo akaifunga pingu. Aliomba kiatu kipelekwe hospitali, na Inspekta akakitia kwenye mfuko. Walipofika kizingitini alisita.

"Ni nani aliyegundua?" akauliza. "Ni yeye?"

Inspekta aliona Koplo ameinamisha macho, anajifanya kukagua pingu. Lilikuwa jambo jepesi kusema *mimi*. Nusu yake ingekuwa kweli.

"Koplo," akasema, na neno lile lilimtoka kama jino.

"Si Sikio?"

"Sikio alikuwa mahabusu. Mpaka sasa hajui."

Fundi viatu alishusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukatulia.

"Basi mwambieni mke wangu," akasema. "Mwambieni kwamba ilimshinda."